Wakala Anapouliza kwa Niaba Yetu: Uhakiki wa Zana ya Maulizo ya Kazi za Miradi

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, diwani na kamusi. Ni nadra kwa kijarida cha idara kama hiki kuhakiki zana ya kompyuta, na huenda msomaji akajiuliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu zana inayojadiliwa hapa inafanya kazi ya kutafsiri. Inapokea swali la mtu katika lugha yake ya kila siku, inaligeuza kuwa sentensi ya lugha nyingine ambayo mwulizaji haijui, kisha inamletea jibu. Penye tafsiri pana uhakiki wa tafsiri, na hilo ni somo tunalolifundisha.

Zana yenyewe ni ile inayomwezesha wakala wa akili mnemba (wengine husema akili bandia au akili unde) kutunga na kuendesha maulizo yake mwenyewe juu ya kazi za mradi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi zana hiyo inavyofanya kazi, yanataja sifa zake, kisha yanaonyesha mahali ambapo sarufi ya Kiswahili inaitega. Msimamo wetu ni kwamba zana hii ina manufaa, lakini jibu lake lisipokelewe mpaka ulizo lililolizaa liwe limeonyeshwa pembeni.

Kuhusu istilahi, tunatumia neno "ulizo", wingi wake "maulizo", kwa sentensi rasmi inayopelekwa kwenye hifadhidata. Wapo wanaotumia "hoja", lakini katika mjadala hoja ni jambo linalotetewa, na hifadhidata haitetei kitu. Neno "swali" tumeliachia mazungumzo ya mtu na mtu, au ya mtu na wakala.

Zana na asili yake

Watengenezaji wa programu huandika kila jambo la kufanya katika mfumo wa pamoja: hitilafu ya kurekebishwa, ombi la mteja, kazi ndogo ya siku moja. Kila jambo hupewa namba, kichwa, maelezo, mtu aliyekabidhiwa, hali na tarehe. Kitaalamu huitwa kipengee cha kazi, lakini maofisini wengi husema "tiketi", nasi tutafuata desturi hiyo. Miongoni mwa mifumo inayojulikana sana ni Jira ya kampuni ya Atlassian na Azure DevOps ya Microsoft. Kila mmoja una lugha yake ya maulizo: Jira ina JQL na Azure DevOps ina WIQL. Mifano yetu itatoka katika WIQL.

WIQL imefuata mkondo wa SQL, lugha ya hifadhidata iliyotokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM. Mwaka 1974 walichapisha makala wakiiita SEQUEL, jina ambalo kirefu chake kilitaja wazi lugha ya Kiingereza. Nia yao ilikuwa kumwezesha mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kuuliza kwa maneno yanayokaribiana na lugha ya kawaida. Lugha hiyo ya kawaida ilikuwa Kiingereza, na maneno kama SELECT, FROM na WHERE yamebaki hadi leo.

Miaka 50 baadaye, mwezi Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ambayo ni utaratibu wa pamoja wa kuunganisha modeli za lugha na mifumo mingine. Mwaka 2025 Microsoft ilitoa seva ya MCP kwa ajili ya Azure DevOps, na Atlassian nayo ikatoa yake. Katika utaratibu huu kila zana huwa na jina, maelezo mafupi ya kazi yake, na orodha ya mambo ambayo wakala anapaswa kuyajaza. Wakala husoma maelezo hayo ndipo aamue kama zana inafaa. Kwa hiyo zana yenyewe ni matini: ikielezwa vibaya itatumiwa vibaya, kama vile mtihani wenye maagizo yenye utata.

Zipo njia mbili za kumwezesha wakala kuuliza. Ya kwanza ni kumpa maulizo yaliyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa na timu, naye achague moja. Ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya uhakiki huu, ni kumwachia atunge ulizo jipya kulingana na swali aliloulizwa. Katika Azure DevOps ulizo la kawaida likipelekwa kwa njia ya programu hurudisha namba za tiketi tu. Wakala hulazimika kwenda tena kuchukua vichwa na maelezo, tiketi zisizozidi 200 kwa mara moja, ndipo aandike muhtasari kwa lugha ya mwulizaji. Tafsiri hapa ni ya kwenda na kurudi.

Sifa za zana

Sifa ya kwanza ni kwamba inamfungulia mlango mtu asiyejua WIQL. Mhasibu wa mradi, mwalimu anayesimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, au mkuu wa huduma kwa wateja anaweza kuuliza bila kumsubiri fundi. Lile lengo la mwaka 1974 sasa linaweza kuwafikia hata wasiozungumza Kiingereza.

Sifa ya pili ni usalama wa aina fulani. WIQL ni lugha ya kusoma tu. Haina amri ya kufuta wala kubadilisha tiketi, kwa hiyo wakala akikosea ulizo, kazi za watu hazipotei.

Sifa ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni kwamba ulizo ni maandishi. Linaweza kusomwa, kuhifadhiwa, kupingwa na kusahihishwa. Mtu akikupa jibu kutoka kichwani mwake huwezi kukagua alivyofikiri. Wakala akitumia ulizo, ameacha ushahidi wa namna alivyolielewa swali. Ajabu ni kwamba wakala anaweza kuleta muhtasari wenye lugha nzuri huku ushahidi huo ukibaki umefichwa.

Mahali sarufi inapotega

Tuanze na kiambishi -ja-. Tuseme msimamizi anauliza, "Ni tiketi zipi hazijafungwa?" Tafsiri ya haraka ni kuchagua tiketi zote ambazo hali yake si "Closed". Lakini katika mfumo wa kazi uitwao Agile, ambao ni mmojawapo wa mifumo minne inayokuja na Azure DevOps, ipo pia hali ya "Removed", yaani kazi iliyoondolewa kwa kuwa haitafanywa tena. Ulizo lile litazileta na hizo. Msemaji wa Kiswahili hakuzikusudia. Tunapofundisha kiambishi -ja- tunasema kwamba kinakanusha tendo na wakati huohuo kinaacha matarajio kwamba tendo litafanyika. Mtoto ambaye hajaja anasubiriwa. Tiketi iliyoondolewa haisubiriwi na mtu, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa miongoni mwa zile ambazo "hazijafungwa". Matarajio yaliyobebwa na silabi moja yanahitaji sharti zima la ziada katika WIQL.

Linganisha na swali, "Ni tiketi zipi hazikufungwa wiki iliyopita?" Hapa tumetoka kwenye -ja- na kuingia kwenye ukanushi wa wakati uliopita. Tiketi iliyofungwa leo asubuhi inapaswa kuwemo, maana wiki iliyopita ilikuwa wazi. Ulizo linaloangalia hali ya sasa pekee litaiacha nje. WIQL ina njia ya kulikabili jambo hili: neno ASOF, ambalo huuliza hifadhidata ilivyokuwa katika tarehe fulani. Wakala anapaswa kutambua tofauti kati ya "hazijafungwa" na "hazikufungwa" ndipo ajue kwamba neno hilo linahitajika.

Kiambishi -me- nacho kina mtego wake. "Hitilafu zilizokwisha" ni zipi? Katika Agile hitilafu iliyorekebishwa lakini bado haijathibitishwa huwa "Resolved". Ikithibitishwa huwa "Closed". Katika mfumo wa Scrum neno la mwisho ni "Done". Fundi akisema "nimemaliza" anaweza kumaanisha ya kwanza, na mteja akiuliza "mmemaliza?" akamaanisha ya pili. Wote wawili wanasema kweli kwa Kiswahili sahihi. Wakala akichagua maana moja bila kusema, amekwisha kuamua ubishi wa watu wawili ambao hawajui kwamba wanabishana.

Kuna upande ambapo Kiswahili na WIQL vinapatana vizuri. Kitenzi kisaidizi "-wahi" kina mwenziwe katika lugha hiyo: neno EVER. "Tiketi alizokabidhiwa mhandisi huyu" ni zile alizo nazo sasa, na "tiketi alizowahi kukabidhiwa" zinajumuisha pia zile zilizohamishiwa kwa mwingine. Mwulizaji akiacha neno "-wahi", picha inayopatikana ni nyingine kabisa.

Nafsi nazo zinahitaji uangalifu. WIQL ina alama ya "mimi", inayoandikwa @Me, na mfumo huitafsiri kwa kumtazama mwenye kibali kilichotumika kuingia. Wakala akiingia kwa kibali cha mwulizaji, "tiketi zangu" zitakuwa za mwulizaji. Akiingia kwa akaunti ya pamoja iliyofunguliwa kwa ajili ya mashine, "mimi" huwa ni mashine, na jibu litakuwa "huna kazi yoyote". "Tiketi zetu" ni ngumu zaidi. Sisi nani? Timu, idara, au mradi mzima? Katika mazungumzo kiambishi -etu hupata mipaka yake kutokana na waliopo. Wakala hawaoni waliopo. Anachagua kundi mojawapo.

Hata saa ina lake. "Tiketi zilizobadilishwa tangu saa mbili asubuhi" ni tangu saa ya nane kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane. Wakala asiyejua hesabu yetu ya saa atakosea kwa saa sita. Aidha, WIQL kwa kawaida hulinganisha tarehe kwa siku nzima, na ukitaka saa lazima uombe usahihi huo waziwazi.

Utafutaji wa maneno

Mtego mwingine uko katika mofolojia. Tuseme mkuu wa huduma kwa wateja anataka malalamiko yote kuhusu kulipa. Hata pale vichwa vya tiketi vinapoandikwa kwa Kiingereza, maneno ya mteja yanaweza kunukuliwa kama alivyoyasema kwa Kiswahili. Wakala akitafuta maelezo yenye mfuatano wa herufi "lipa", atapata "nimelipa" na "kulipa". Atakosa "malipo", "limelipwa" na "kulipia". Papo hapo ataleta "mteja alipakia faili", "walipata ujumbe" na "ilipaswa kufunguka", kwa kuwa kiambishi cha wakati -li- kikikutana na mzizi unaoanza na pa- huunda herufi zilezile. Akifupisha hadi "lip" ili asikose "malipo", atavua kila kitenzi chenye -lipo-: alipofika, ilipozima, walipojaribu. Akitafuta neno zima "lipa", "nimelipa" na "hawajalipa" yote yatampita, kwani Kiswahili hubandika nafsi, wakati na ukanushi mbele ya mzizi.

Wakala hodari anaweza kuorodhesha maumbo kadhaa ya neno katika ulizo moja. Nafasi ipo, kwani WIQL huruhusu ulizo lenye urefu wa hadi herufi 32,000 hivi. Lakini orodha hiyo ni kazi ya uambishaji na unyambulishaji, nasi tunajua wanafunzi wetu wanavyosahau kauli ya kutendewa hata katika mtihani. Tunahitaji kuiona orodha ili tujue kilichosahauliwa.

Kwa nini jambo hili si dogo

Msomaji anaweza kusema kwamba tiketi tatu kuzidi au kupungua si hoja. Tutazame basi swali moja ambalo wasimamizi hupenda kuliuliza: "Nani amechelewesha kazi?" Hakuna sehemu ya tiketi inayoitwa "mchelewaji". Wakala atachukua tiketi zilizopita tarehe ya mwisho, atasoma jina la mtu aliyekabidhiwa, kisha ataandika sentensi laini yenye jina hilo kama kiima na "amechelewesha" kama kitenzi. Lakini sehemu ya aliyekabidhiwa humtaja anayeishika tiketi sasa. Huenda amepewa jana, baada ya mwenzake kukaa nayo miezi miwili. Hifadhidata ilisema "anayo". Muhtasari ukasema "amechelewesha". Kitenzi kimebadilika njiani, na kwa badiliko hilo mtu anaweza kunyimwa kuongezewa mkataba bila kujua alishtakiwa kwa ushahidi gani. Ulizo lililotumia EVER au ASOF lingeweza kumtetea, kama kuna mtu angeliona lile lililotumika na kuuliza kwa nini halikutumia maneno hayo.

Idadi nazo zina hatari yake. Azure DevOps haileti zaidi ya tiketi 20,000 kwa ulizo moja, na anayeunda zana anaweza kuweka kikomo chake kidogo zaidi ili wakala asilemewe. Kikomo kikiwa 50, na wakala akakisahau, atasema "kuna tiketi 50" palipo na 300. Msikilizaji atalichukua neno "kuna" kama idadi kamili.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba modeli za lugha zinazidi kukijua Kiswahili, na kwamba mitego hii itakwisha yenyewe. Hatukatai kwamba umahiri unaongezeka. Hata hivyo, mifano mingi tuliyoitoa haitokani na ujinga wa wakala. "Tiketi zetu" na "zilizokwisha" zina utata hata kwa Mswahili mzawa. Mfasiri bora kabisa akikutana nazo hulazimika kuchagua, na mfasiri mwaminifu huweka tanbihi kusema alichochagua. Umahiri hauondoi wajibu huo.

Wengine watasema afadhali turudi kwenye maulizo yaliyohifadhiwa tu. Njia hiyo ni salama zaidi kwa taarifa za kila wiki, hasa zile zinazogusa tathmini ya watu. Lakini maulizo yaliyohifadhiwa hujibu maswali ya jana. Anayetaka kujua jambo jipya leo atarudi kumsubiri fundi, na faida ya kwanza tuliyoitaja itapotea.

Mapendekezo

Kwanza, kila jibu litolewe pamoja na ulizo lililotumika, na chini yake maelezo ya Kiswahili cha kawaida: tumehesabu hali zipi, za timu ipi, kufikia tarehe ipi, kwa kikomo gani. Hakuna mwalimu wa tafsiri anayesahihisha matini lengwa bila kuiweka kando ya matini chanzi.

Pili, swali likiwa na utata, wakala aulize kabla ya kutunga. "Zilizorekebishwa au zilizothibitishwa?" ni swali la sekunde tano.

Tatu, maelezo ya zana yataje hali za tiketi zinazotumika katika mradi husika, kibali cha nani kinatumika, na kikomo cha matokeo. Kibali hicho kiwe cha kusoma tu. WIQL haiwezi kuharibu, lakini katika seva hiyohiyo huwa kuna zana nyingine zinazoweza kubadilisha tiketi.

Nne, na hili ni letu, idara za Kiswahili ziandae maswali ya majaribio. Maswali 100 ya Kiswahili yaliyopangwa kwa -ja-, -me-, -li-, -wahi, -etu na saa, kila moja likiambatana na ulizo linalolifaa, yangetosha kumpima wakala yeyote. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji mwalimu wa sarufi na mwanafunzi mmoja wa kompyuta kukaa meza moja kwa muhula mmoja.

Hitimisho

Zana hii imeikaribisha lugha ya kawaida mahali ambapo kwa miaka 50 palitawaliwa na maneno machache ya Kiingereza. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tafsiri isiyoonekana haiwezi kuhakikiwa, na jibu lisiloweza kuhakikiwa halifai kumhukumu mtu kazini kwake. Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaoitumia waanze na ombi moja kila mara wanapopata jibu: "Nionyeshe ulizo lako." Wakala akilileta, walisome kwa macho yaleyale wanayosomea tafsiri darasani.